Sufuria ya Mfuniko Mwekundu

Fundi cherehani mmoja alikuwa na tumbo lenye adui wa pekee: ngano. Si mkate tu, hata chembe ya unga iliyodondokea chakula chake ilimlaza kitandani. Daktari aliuita ugonjwa huo seliaki, akamwambia hauna kidonge. Dawa yake ni kuuchunga mdomo. Basi kwenye sherehe alishika glasi ya maji, na wenye midomo yao wakasema anaringa.

Nje ya kwake alikula mahali pamoja tu, kwa shoga yake wa tangu utotoni, mwenye mkahawa ulioelekeana na kibanda chake cha ushonaji. Wateja walimwita Mapochopocho. Alikuwa amemtengea fundi sufuria yenye mfuniko mwekundu, na mwiko wake. Kila mchana fundi alivuka barabara, akala wali na mchuzi, akacheka na watu bila kuuliza chakula kimepikwa na nini. Raha hiyo asingeibadilisha na kitu.

Kisha tumbo likaanza upya. Akakonda, magauni yake yakampwaya, yeye anayepunguzia wenzake. Daktari akamwambia, "Ngano unaila mahali. Patafute."

Akapatafuta nyumbani. Alitupa ubao wa kukatia, akamgombeza mumewe kwa makombo, mwisho akampiga marufuku kuingiza mkate ndani. Mume, mpole wa watu, alitii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; chake kilikuwa jikoni, tena kimevaa aproni aliyoishona yeye.

Siku moja alipitia mlango wa nyuma wa mkahawa kupeleka aproni mpya. Mapochopocho alikuwa amempa mgongo, amekoroga unga wa ngano kwenye bakuli, anaumimina katika sufuria. Mfuniko mwekundu ulikuwa pembeni.

"Hiyo si sufuria yangu?"

Mapochopocho aligeuka. "Kijiko tu, shoga yangu, mchuzi upate uzito. Si wewe mwenyewe unayeusifia siku hizi?"

"Tangu lini?"

"Ah, zamani. Nilitaka nikutoe hofu. Hayo ya daktari ni mawazo tu. Nilisema siku moja nitakwambia, tucheke. Umekula muda wote huu, mbona hujafa?"

Fundi alimtafuta aibu usoni, hakuiona. Kila mchana alikaa pale akilalamika tumbo, na huyuhuyu akimpa pole na kumwongezea mchuzi. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Aliinua sufuria, akaimwaga yote kwenye karo, akatoka.

"We shoga! Kwa ajili ya kijiko cha unga?"

Hakugeuka. Alifika nyumbani machozi yanamtoka, akamkuta mumewe nje, kasimama ukutani, anatafuna. Alipomwona, alificha mkono nyuma na kujipangusa mdomo upesi.

"Namalizia tu, mke wangu," alisema. "Siingii nao ndani."