Pupa Dirishani

Mwalimu wetu wa sayansi pale shuleni Kyimo, karibu na Tukuyu, alikuwa mwanamke kutoka Singida, mwembamba, ambaye hakuwahi kuizoea baridi yetu. Mimi nilikuwa darasa la sita. Miaka hiyo maduka ya Tukuyu yalikuwa yamejaa tena sabuni na vitenge, lakini serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na walimu wasio na cheti kamili walijua zamu yao itafika.

Aliona mayai ya kipepeo kwenye mlimao nyuma ya ofisi, madogo kuliko punje za ulezi, akatuita tuyaone. Wakatoka viwavi weusi wenye baka jeupe, ungedhani kinyesi cha ndege. Walijivua ngozi, wakanenepa, mwishowe wakawa kijani. Ukimgusa mmoja alichomoa vipembe viwili vyenye harufu kali. Ndege waliwamaliza, akabaki mmoja. Mwalimu alikata tawi alilokuwa juu yake, akamweka nalo ndani ya chupa dirishani mwa darasa. Kiwavi akajifunga kwa uzi, akawa pupa.

Wiki hiyo hiyo mwalimu akaachishwa kazi. Asubuhi tulimkuta darasani, anafuta ubao.

"Mwalimu, si wamesema umeondolewa?" nikamuuliza.

"Nimeomba nimalize somo. Kipepeo akitoka mtaona kichwa, papasio na mrija wake wa kunyonyea. Mtaona kifua chenye mabawa manne na miguu sita, halafu tumbo. Sitaki mvione ubaoni tu."

Akaendelea kuja bila mshahara. Mvua haikukatika. Pupa ikaanza kuwa nyeusi, sisi tukashangilia, tukidhani ni rangi za mabawa. Yeye aliigeuza chupa kwenye mwanga, akairudisha dirishani. Siku moja katikati ya kipindi tukaona tundu ubavuni mwa pupa, na vidudu kama sisimizi wenye mabawa wakipanda kioo cha chupa.

"Ndio vipepeo?" mwenzangu wa dawati akauliza.

"Hapana. Hao ni nyigu wadogo. Mama yao alitaga ndani ya pupa ikiwa bado laini. Wamemla humo humo."

"Sasa kipepeo wetu?"

"Hakuna kipepeo."

Akageukia ubao, akachora kipepeo, akaandika jina la kila kiungo. Chaki ilimkatikia mara kwa mara. Tulinakili. Kipindi kilipoisha akatuaga kama siku zote, na hakurudi tena.

Hatukuletewa mwalimu mwingine wa sayansi. Mtihani wa darasa la saba nilifeli, kama karibu wote darasani, nikaingia kuchuma chai shambani kwa baba.

Baada ya miaka mingi nilimkuta sokoni Tukuyu, ametandaza mitumba kwenye turubai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chagua blauzi, dada, zote nzuri."

Hakunikumbuka. Nilifungua mdomo nimweleze mimi ni nani, lakini wateja wengine walikuwa wameinama tayari wakipekua nguo, naye akawageukia. Nikashika njia ya Kyimo.