Siku Nilipompisha Mkwe Wangu Mlimani

Mdachi alitaka kupanda hadi kilele cha mlima ulio nyuma ya Matema, aipime nchi kutoka huko. Wanaume walipopata habari walikimbilia ziwani na mitumbwi yao, basi askari wakakamata waliobaki, yaani wanawake na wazee wasio na mbio. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye ndoa. Nilitwishwa sanduku la vioo vya kupimia, nikaambiwa kikivunjika hata kimoja nitakiona cha moto.

Katika msafara ule alikuwamo baba mkwe wangu. Kwetu mke hamtazami baba wa mumewe. Akisikia anakuja, huingia vichakani mpaka apite. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona. Nilimjua kwa kikohozi tu. Nikajifunika kaniki mpaka machoni, nikakaa mkiani kabisa, na yeye, kwa kujua kuwa nipo, akajikaza kwenda mbele kupita nguvu zake.

Njia ya msitu ule ni upana wa unyayo, mwamba huku, korongo kule, na mizizi inateleza. Aliyesimama kupumua alichapwa. Mwanamke aliyenitangulia alipigwa kiboko cha shingo, damu ikamchuruzika mgongoni, na mzigo hakuutua.

Karibu na mwisho wa miti nilipinda kona nikasikia kikohozi miguuni pangu. Mzee alikuwa ameishiwa nguvu, amekaa njiani. Sikufikiri. Niliruka pembeni kama nilivyofundwa, na pembeni hapakuwa na kichaka. Nilidaka mzizi, sanduku likaporomoka korongoni, vioo vikilia.

"Nani katupa sanduku la bwana?" askari alifoka.

Kabla sijajibu, mzee alisema, "Ni mimi. Nimemsukuma huyu."

Walimlaza palepale. Nilimpa mgongo, kwa adabu, nikasikiliza viboko vikimchana. Nilitamani kumng'ata askari yule koo. Mdachi alikuwa akifuta miwani yake. Kisha tukaswagwa hadi kileleni, na huko kulikuwa na ukungu mtupu. Hata ziwa Mdachi hakuliona.

Tulipoteremka, mzee alikuwa bado pale, kifudifudi, anahema kwa shida. Nilitoka mstarini, nikavua kaniki usoni, nikapiga magoti na kibuyu changu cha maji.

"Tata, kunywa."

Alijua ni nani. Kabla ya kugeuka akavuta nguo yake iliyolowa damu, akajifunika uso.

"Ndaga, mwanangu," alisema ndani ya nguo.

Asante alisema, lakini hakunywa. Nilimsihi, nikamgombeza kama mtoto, nikajaribu kuifunua nguo ile. Aliushika upindo wake kwa vidole viwili, akaung'ang'ania mpaka vidole vikalegea.

Wenzangu walipomfunua ili wamfumbe macho, niligeuka nikampa mgongo tena, maana ndicho alichotaka. Bado namkasirikia. Sura yake siijui.