Kigoda cha Baba na Wajomba wa Buteba

Mwanangu, umekuja na kitabu chako kutoka chuoni Busitema, unaniuliza falme za kale zilipigania nini. Kitabu kinasema ng'ombe, chumvi na ardhi. Sikatai. Lakini nikifumba macho hapa kibarazani, mvua ikinyunya, naona siku moja tu: siku niliyokalia kigoda cha baba yangu, hapa hapa Nabuyoga.

Baba alikuwa amefariki. Kwetu, kigoda cha marehemu hubaki kitupu mbele ya chungu cha pombe ya ulezi, mrija wake umelazwa juu yake, mpaka siku ya kumaliza matanga ukoo utaje mrithi. Kaka yangu Ochwo, mtoto wa mke mkubwa, alikuwa mpagazi Busia, upande wa Kenya. Kila mtu alijua atatajwa yeye. Roho ikaniuma. Nikaenda Buteba kwa ndugu za mama, nikawaomba waje wanisimamie.

Wakaja wanaume saba na fimbo zao. Kabla ukoo haujasema neno, wakaniketisha na kunipa mrija. Hadi leo naisikia harufu ya ulezi ule, na mvuke naona ukipanda taratibu, taratibu. Ochwo akaingia uani, amebeba sukari na blanketi la kumpa mama yangu. Akanitazama. Akaweka vitu chini, akaondoka. Nami nikajiona mfalme, mwanangu! Mfalme wa chungu kimoja.

Wajomba hawakuondoka. Msimu wa kulima ulipofika wakachukua shamba la bondeni, eti ndiyo shukrani yao. Nikaenda kulalamika kwa shangazi, dada ya baba. Hakunionea huruma hata kidogo.

“Wewe Owor, unalia nini? Huko ng'ambo ya Nile, mfalme akikufa, kila mtoto anakimbia kwa watu ya mama yake kuomba mikuki. Hao wanakuja kusaidia, halafu hawarudi kwao. Nchi inaisha hivyo. Na wewe umeleta vita ya wafalme kwa kigoda ya mzee!”

Niliona aibu ambayo haijanitoka. Kesho yake nikapanda gari la Busia, kigoda mapajani. Nikamkuta Ochwo ameketi juu ya magunia ya mahindi, katikati ya malori. Nikakiweka miguuni pake.

“Nimekosa, kaka. Rudi ukikalie.”

Alishuka kutoka kwenye magunia. Kisha akakibeba yeye mwenyewe, tukarudi pamoja. Wajomba walipotuona tumesimama wawili ukingoni mwa shamba, walikusanya majembe yao bila kuambiwa.

Sasa Ochwo naye ametuacha. Namlilia kila siku. Kigoda kile pale, kitupu, na wiki ijayo ukoo utamtaja wa kukikalia, wewe au mtoto wake. Nami nimesikia, mwanangu, kwamba umeshawapigia simu ndugu za mama yako.

Wapigie tena. Waambie waje kunywa, fimbo waziache kwao. Ukiwa na neno na ndugu yako, mwambie usoni, mkasirikiane hata mchoke, lakini usilete mtu wa nje akushindie nyumba yako mwenyewe. Na Mungu akupe miaka mingi, na kila utakapoinamia mrija, ukiinua macho umwone ndugu yako upande wa pili wa chungu.