Picha Moja ya Nyanya

Wiki jana binti mmoja wa redio alinijia nyumbani, hapa Nakuru, maswali yake yako kwenye simu. Alitaka kujua nani alinifundisha kupiga picha. Nikamwambia ni ukuta. Akatabasamu kwa adabu, vile mtu hutabasamu akidhani mzee amesikia vibaya, kisha akauliza tena kwa sauti ya juu. Masikio yangu ni mazima kabisa, asante. Wewe rafiki yangu una subira kuliko yeye, kwa hivyo keti nikueleze.

Nililelewa na nyanya, mama ya mama yangu, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika shamba la mzungu upande wa Molo, ukishapita Sachangwan. Nyanya alichuma maua ya pareto, yale ya dawa ya wadudu. Baridi ya huko, usinikumbushe! Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na upepo uliingia kwenye nyumba zetu za udongo bila hodi. Ndiyo maana kuta zilibandikwa karatasi kwa ndani. Mpishi wa memsabu, mke wa yule mzungu, alituletea magazeti ya picha yaliyotupwa, nyanya akapika uji mzito wa mahindi, tukapaka na kubandika, mimi nikilamba vidole. Nyanya hakujali juu ni wapi na chini ni wapi. "Karatasi ni ya kuzuia upepo," alikuwa akisema, "haikuletwa hapa kusomwa." Basi nusu ya dunia ilikaa kichwa chini nyumbani kwetu.

Nami nilijilaza kitandani, kichwa kikining'inia ukingoni, ili niione sawasawa. Hapo ndipo nilisomea. Waliopiga picha zile sikuwajua, lakini nilizijua tabia zao. Mmoja alipenda kusimama mbali, watu wakawa wadogo chini ya mawingu. Mwingine alingoja mpaka mtu acheke kabisa. Na kulikuwa na mmoja, huyo ndiye aliyenimaliza, aliyepiga mikono tu. Mikono ya mwanamke mzee ikikata mkate, mishipa imetokeza, kucha zina unga. Uso haukuwepo. Hata hivyo nilihisi namjua, nilijua hata angenigombeza vipi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilitamani kupiga picha kama ile kuliko nilivyotamani viatu.

Kwetu lakini picha ilikuwa jambo zito. Ulisimama au uliketi wima, miguu yote ikaonekana, na hukucheka. Mpiga picha alitoka Nakuru mjini kwa treni, halafu baiskeli, akatufikia Jumapili moja moja baada ya kanisa. Siku hiyo laini nzima ilinukia sabuni.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, mkoloni akikamata vijana wetu, na mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa nyanya, alikuwa kizuizini. Barua yake, aliyotusomea mwalimu, iliomba kitu kimoja tu: picha ya mama yake. Nyanya akaoga mchana, akajipaka mafuta uso ukang'aa, akaazima viatu vya jirani vilivyombana vibaya. Zamu yake ilipofika, filamu ilikuwa imebakisha picha moja.

Akaketi kwenye kigoda. Akamwona mpiga picha ameinama, jicho moja amelifumba. Akasimama.

"Kijana, wewe ni rika la wakwe zangu. Sikai hapa ukinifumbia jicho."

"Mama, ni kazi tu."

"Sawa, lakini atakayenitazama ni huyu mjukuu wangu. Wewe geuka uangalie ua."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule kijana alikuwa mwenye heshima zake. Akanionyesha kidirisha cha juu cha kamera na pa kubonyeza, akanisimamisha hatua nne kutoka kwa nyanya, kisha akatugeuzia mgongo kweli.

Lo! Nyanya mzima alikuwa ndani ya kidirisha kile, na viatu vyake vya kuazima. Halafu nikaiona mikono yake mapajani, imepasukapasuka kwa pareto na baridi, na roho yangu ikaruka. Nikasogea. Nikasogea tena.

"Ni karibu hivyo?" aliuliza, midomo haisogei.

"Nyamaza, nyanya, utaharibu."

Nikainamisha kamera, nikabonyeza. Jioni hiyo hakuna aliyekuwa na furaha kunishinda.

Miezi miwili nyanya aliwaambia wote waliopita mlangoni kwamba picha yake inaoshwa mjini. Ilipoletwa aliishika kwa kingo, akaitazama, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Sasa mimi niko wapi?"

Jirani aliangua kicheko. Nyanya hakucheka, wala hakunichapa, na heri angenichapa. Alisema tu, "Mwanangu alitaka kuniona." Kisha akampa mwalimu aitume hivyo hivyo, maana hakukuwa na nyingine. Nilimwahidi tutapiga ya pili. Lakini mpiga picha hakupata tena ruhusa ya kutembea mashambani, na Julai ya mwaka huo kifua kilimbana nyanya, tukamzika kando ya shamba la pareto.

Mjomba alirudi mwaka uliofuata. Aliitoa picha kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imeanza kukatika, nami nikalia, nikamwomba msamaha. Akashangaa. "Wewe ulinipa mama," aliniambia. "Nilikuwa nikiitazama hii mikono, uso wake unakuja wenyewe."

Nafurahi ulikuwa ukimjia. Yeye aliondoka akiwa mtu mzima, uso wa mama yake ameubeba tayari. Mimi nilikuwa mtoto. Laini zile zimelimwa, siku hizi ni viazi, na kuta zetu zilirudi udongo zamani. Nimefungua studio, nimepiga maharusi, watoto wa kipaimara, wazee wa vitambulisho, nyuso za mji huu mpaka nimechoka. Uso wa nyanya siuoni. Najaribu kuanzia kwenye mikono kama mjomba, napanda polepole, nafika kwenye kola ya gauni na hapo panaisha. Na siku ile alikuwa mbele yangu, rafiki yangu, amejipaka mafuta, amenyamaza nilivyomwambia, ananitazama mimi. Mimi nilikuwa naangalia chini.