Mwezi Nilioufunga Wote

Mwaka ule nilifunga Ramadhani yote, siku thelathini, bila kula hata moja. Anayejua mambo ya wanawake ameshashtuka. Mwanamke wa miaka ishirini na minane hafungi mwezi mzima. Siku zake zikimfikia anakula kimya kimya, mlango umerudishiwa, halafu anazilipa kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Anayefunga zote ni bikizee, au mtoto ambaye hajavunja ungo, au mwenye mimba. Na nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, wanawake watano na ua mmoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, lakini kila mmoja alijua nani anakula lini.

Zikiwa zimebaki siku mbili kwa Idi, jirani yangu wa chumba cha mbele, muuza vitumbua ambaye Mungu alimnyima mfuniko wa mdomo, alinitazama nikiwasha jiko la futari.

"Shoga, mwezi huu wewe hukula kabisa?"

"Sijala."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Akapiga kigelegele cha chini chini, cha puani, akasema, "Haya, mama kijacho. Ulitaka kutuficha mpaka lini?"

Ningeweza kumkatalia palepale. Nilijua sina mimba. Nilishapima mara mbili kwenye zahanati ya mtaa wa pili, mara zote hamna kitu. Siku zangu zilikuwa hivyo tangu usichana, zinakuja mwezi mmoja zinapotea mitatu, na safari hii zilikuwa zimepotea mitano. Lakini nilikuwa na miaka saba ya ndoa, na kabla ya Ramadhani mama mkwe alikuwa ametuma salamu kutoka Lindi kwamba huko kuna binti mzuri, mwenye adabu, wa kumwozesha mwanawe awe mke wa pili. Mume wangu alinifikishia salamu hizo akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hakusema anataka, wala hakusema hataki. Kwa hiyo jirani aliponiita mama kijacho, nilinyamaza, nikapulizia moto. Uongo wangu wote ulikuwa huo tu, kupulizia moto.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Nilikuwa karani katika duka la serikali, lile ambalo watu walipanga foleni ya sukari na sabuni tangu alfajiri. Biashara ilipofunguliwa, duka likafungwa, nasi tukaambiwa tujitegemee. Nikapata kizimba pembeni ya soko, nikauza mitumba ya watoto. Naam, nguo za watoto. Wateja walinikuta nimekaa katikati ya vijisweta na vikofia, wakauliza bila hiana, "Mama nani wewe?" Nilikuwa nawajibu, "Mama nguo, unachukua au huchukui?" Nilipoteza wateja wengi kwa ulimi wangu na sikujuta.

Baada ya kigelegele kile, mwili wangu ukawa mali ya ua mzima. Mchana wa Dar, watu wanajipepea kwa magazeti, mimi nasikia baridi, nimevaa sweta la mitumba. Wakasema ni mimba ya mtoto wa kiume hiyo. Nilinenepa huku nakula kiganja kimoja cha wali, wakasema nimenawiri. Shingo ilivimba hapa mbele, mkufu wangu wa harusi haukufunga tena; wakasema tazama shingo hiyo, mimba imempenda. Ndevu tatu nne zilizokuwa zikiota kidevuni nilizing'oa kwa kibano kila Ijumaa mbele ya kioo cha mkononi. Hizo hawakuziona, vinginevyo nazo wangezitafutia maelezo.

Sikuweza kutulia. Mwili ulikuwa mzito, unataka kulala saa nne asubuhi juu ya rundo la nguo, lakini moyo haukulala. Nilikuwa nafunga kizimba bila sababu, nakata Mnazi Mmoja kwa miguu, nashuka mpaka Feri, nanunua samaki nisiyemtaka, narudi naye nimechoka hoi, nampa jirani. Njiani nilikuwa nahesabu. Mimba ya uongo ina miezi mingapi sasa? Itatoka lini? Kuna mchana nilijikuta naomba itoke, kama vile ipo. Niliogopa akili yangu siku ile.

Mama mkwe alikuja mfunguo mosi, wiki ya pili baada ya Idi. Habari zilimfikia huko huko Lindi. Habari za namna hiyo hazingoji basi. Alishuka na korosho, unga wa muhogo, na furushi la khanga kuukuu, laini kabisa, za kumfungia mtoto. Nikampokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usisimame sana." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wale watu wa yule binti nimeshawaambia wasubiri."

Wasubiri. Hakusema nimewakatalia. Neno hilo nilitembea nalo siku tatu.

Siku ya nne akaniambia niende kliniki ya wajawazito, ataandamana nami. Nikamwambia atachoka, nitaenda mwenyewe. Nilifika mpaka kwenye benchi, nikaona wanawake wameshika matumbo yao na kadi zao, nikageuka. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila kona siku hizo, na upande wa mjini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, kulikuwa na daktari mwanamke, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, aliyesema Kiswahili cha mjini kuliko mimi. Nilimweleza nimekuja kwa sababu nasikia baridi. Sikujua niseme nini kingine.

Akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka vidole shingoni.

"Meza mate."

Nikameza.

"Meza tena. Siku zako unaziona?"

Hapo nikaanza kulia, kilio cha hasira, maana katika miaka saba yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kwa mdomo. Wengine wote walihesabu.

Akanitoa damu, akanipima tumbo kwa ile mashine ya picha, na niliporudi kuchukua majibu akanichorea nyuma ya bahasha. Tezi ya shingo imelegea, haitoi homoni ya kutosha, ndiyo sababu ya baridi na unene. Kwenye ovari mayai yanaanza lakini hayakomai, yanabaki vifuko vidogo vidogo vimejipanga ukingoni kama shanga. Ni magonjwa mawili, akasema, na yanapenda kuandamana. Nikamuuliza nimefanya nini. Akasema, "Hujafanya kitu." Nikamuuliza kama nitazaa. Akasema wapo wanaozaa na wapo wasiozaa, yeye hawezi kuniahidi, lakini kidonge cha shingo nimeze kila alfajiri kabla ya kula, maisha yangu yote.

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, kwa sababu nilijua nikipunguza mwendo sitasema. Mama mkwe alikuwa uani anaanika. Alikuwa amezifua zile khanga zote kuukuu, kamba imejaa.

"Mama, sina mimba."

Akaendelea kunyoosha pindo la khanga. "Imetoka?"

Mlango huo aliufungua mwenyewe. Ningeingia tu, nikalilie mimba iliyotoka, nikahurumiwa mwaka mzima.

"Haikuwapo. Nilifunga zote kwa sababu damu haiji. Ni ugonjwa."

Muuza vitumbua aliacha kukoroga. Mama mkwe akaanza kuzianua zile khanga, moja moja, zikiwa bado zinachuruzika, akazikunja hivyo hivyo mbichi na kuzitia kwenye furushi.

"Ungeniambia kabla sijafua," akasema.

Keshokutwa yake akapanda basi. Mume wangu alikwenda kulala kwa kaka yake Ilala siku nane. Alirudi ya tisa, akaomba kuona vidonge, akavishika mkononi muda mrefu. Akaniuliza kama vinaumiza tumbo. Nilimjibu vibaya, kisha nikapika.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa vidonge. Mwanzo dozi ilinizidi. Moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka nikihesabu vikofia, nikagombana na kila mtu kuanzia mpagazi wa mabelo ya mitumba mpaka mume wangu. Daktari akapunguza. Sweta nikaliuza. Uani hakuna aliyeniita mama kijacho tena, na kwa kuwa jina jingine hawakuwa nalo, walianza mazungumzo na mimi kwa "we". We, umechukua ndoo yangu? Iliniuma zaidi ya nilivyotegemea.

Ramadhani ikarudi, na mama mkwe naye. Alisema amekuja kutibiwa macho, na kweli macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Lakini yule binti alikuwa bado hajaolewa, na kila mama na mwanawe waliponong'ona barazani nilijua wananong'ona nini. Siku kumi nilifunga. Wanawake wa ua walihesabu, nami nilihesabu kuwashinda.

Siku ya kumi na moja, baada ya adhuhuri, nikiwa chooni, nikaiona. Damu. Nilikaa humo mpaka jirani akagonga.

Mwenye adabu angekwenda chumbani akajifungia. Mimi nilitoka, nikaenda kwenye mtungi uliokuwa katikati ya ua, nikachota kikombe kimejaa, nikanywa nimesimama, jua la saa nane utosini, mbele yao wote. Muuza vitumbua akabaki ameshika mwiko juu. Maji yalinimwagikia kifuani na sikuacha kunywa.

Mama mkwe alikuwa ukumbini anachambua mchele kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Akainua kichwa.

"Nani anakunywa maji?"

"Mimi, mama."

Vidole vyake vikasimama ndani ya ungo. Alielewa; kwetu hakuna haja ya kusema zaidi ya hapo. Akauweka ungo chini, akaja akipapasa ukuta, halafu akaifuata sauti yangu mpaka aliponifikia, akaushika mkono wangu wenye kikombe.

"Kaa chini," akasema. "Maji hayanywewi kwa kusimama." Kisha, taratibu, lakini kwa sauti ambayo mpaka chumba cha mbele waliisikia: "Na hizo siku utakapozilipa uniambie, mwanangu. Nitafunga na wewe."

Nikakaa chini, nikamalizia maji yangu.