Viatu vya Mmarekani

Hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka. Enzi za utawala wa jeshi, nikiwa mwandishi wa gazeti, nilipanga foleni ya vibali katika ofisi moja ya Kampala, nyuma ya Mmarekani mrefu mno. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, aliyezichezea timu za Ulaya kabla ya kuja kwetu. Askari wa mlangoni hakutazama karatasi zake, alitazama viatu.

"Toa. Hii viatu iko ya serikali sasa."

"Afande, kesho mimi nacheza."

"Cheza na miguu Mungu alikupa."

Akavivua taratibu, akavipanga pamoja kama anayeingia msikitini. Foleni nzima tukatazama sakafu.

Kesho yake alicheza pekupeku, maana Kampala haikuwa na duka lenye namba yake. Askari yule alikaa mstari wa mbele, na viatu vilevile, akimshangilia! Vilimpwaya, kwa hiyo alikuwa amevijaza magazeti. Ukurasa mmoja ulichomoza kisiginoni. Ulikuwa wa gazeti letu.

Miaka ile hatukuthubutu kuandika neno juu ya wizi kama huo. Tulichoweza ni kumsaidia mwizi viatu vimkae.