Theluji Kwenye Ntheo ya Dada Yangu

Katika kompyuta ya studio niliyofanyia kazi mjini Machakos kulikuwa na folda moja ambayo haikuruhusiwa kufutwa hata diski ikijaa pomoni. Iliitwa USWISI, kwa herufi kubwa. Ndani yake mlikuwa na milima yenye theluji, ziwa lisilo na taka hata moja, treni nyekundu ikipinda juu ya daraja, ng'ombe wanono wenye kengele shingoni, na kile kigari kinachoning'inia kwenye waya kama nguo iliyosahauliwa kuanuliwa. Bosi alikuwa amevikusanya vipande hivyo kwa miaka. Vingine alivitoa mtandaoni, vingine alivinyofoa kwenye filamu za Kihindi, pale ambapo mwigizaji ameshapita na kuiacha milima peke yake. Si mara zote alikuwa amepita. Kwenye kipande kimoja limebaki bega la sweta nyekundu. Kwenye kingine mzungu mwenye mkoba mgongoni anatembea polepole kutoka kushoto hadi kulia, na mpaka leo sijui ni nani wala anakwenda wapi.

Hakuna sherehe iliyotoka studio yetu bila kupitia Uswisi. Bibi harusi akitoka kwao, kabla hajafika kanisani, tunaweka theluji. Mchungaji akimaliza mahubiri, ziwa. Keki ikishakatwa, ng'ombe. Mara ya kwanza nilipoambiwa nifanye hivyo nilidhani ninapimwa akili.

"Bosi, hawa watu wanatoka Masinga," nikamwambia. "Hapo nje kuna bwawa kubwa, kuna vilima, jioni ikiingia kunapendeza. Tungeweka hiyo."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa mgonjwa. "Mwiitu," akaniita, yaani binti kwa Kikamba, "mteja hanilipi nimwonyeshe kwao. Kwao anapaona kila siku bure."

Ilinikera zaidi kwa sababu nilisomea filamu. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho chuoni ilihusu mahali filamu kubwa zinapopigwa, na sura mbili nzima nilizitumia kwa Uswisi, kwa hiyo naijua kuliko inavyofaa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege. Ni nchi inayopenda kusimama badala ya nchi nyingine. Watengenezaji wa filamu wa India walihamishia huko nyimbo zao za mapenzi, milima ya watu ikageuka Kashmir. Wakija wa filamu za kijasusi, inageuka maficho ya tajiri mwovu, au mteremko wa kufukuzana huku risasi zikilia, au benki ambamo mtu anachukua mkoba na kuondoka. Katika filamu zote nilizotazama kwa ajili ya kazi ile, sikuona hata moja ambamo mwenyeji wa huko anaamka, anafagia uwanja, anagombana na shemeji yake. Nchi nzima imekubali kuwa pazia. Kisha watalii wanafunga safari kwenda kusimama palepale aliposimama mwigizaji, wanafungua mikono, wanapigwa picha, wanarudi kwao wakisema wamefika. Nilipewa alama nzuri kwa kuandika dharau hiyo kwa lugha ya adabu. Halafu nikarudi nyumbani, na kazi pekee niliyopata ikawa ni kulibandika pazia lile lile juu ya watu wetu.

Nilibandika, sikuacha kazi. Niliwaza kuacha kila asubuhi nikipanda ngazi za studio, nikafika juu nikiwa nimeshajijibu, nikawasha kompyuta.

Mwezi wa nane ikafika ntheo ya dada yangu, nyumbani kwetu Kithyoko. Ntheo ni ile siku ambayo upande wa mume huleta mbuzi, na mbuzi akishachinjwa na kuliwa, hata harusi ya kanisani ichelewe miaka kumi, kwetu Wakamba huyo ni mke wa mtu. Bosi alikuja mwenyewe na kamera kubwa kama heshima kwa mfanyakazi wake. Akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu mwisho wa uwanja, akaanza kupita na ile ndogo meza kwa meza, kiti kwa kiti. Hiyo ilikuwa sheria yake nyingine: kila mtu aonekane. Kwetu video ya sherehe hutazamwa kwa pamoja, majirani wanaitwa, chai inapikwa, na asiyejiona kwenye televisheni anaondoka na kinyongo cha mwaka mzima.

Susu, mama yake mama, alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Alipoombwa awabariki maharusi, simu zote zikanyanyuliwa.

"Wekeni hivyo vitu chini," akasema. "Mnanisikiliza au mnanipiga picha?"

Zikarudi mifukoni. Kamera kubwa ilikuwa mbali, hakuijali. Mimi nilikuwa nimeshambandika kinasa sauti kidogo kwenye lesso yake, chini ya shingo, nikamdanganya kuwa ni pini ya urembo. Akasema kwa dakika kumi na moja. Alisema polepole, akikohoa, akisahau, akirudi nyuma kutaja watu waliokufa kabla sijazaliwa. Mbuzi wawili walipita mbele yake akawafukuza, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Wiki iliyofuata nikaketi kuhariri. Bosi alisimama nyuma yangu, akatazama dakika moja ya baraka, ya pili ikamshinda.

"Huyu mama anabariki mpaka lini? Kata. Acha mwanzo, acha mwisho, hapo katikati mwaga Uswisi na wimbo."

Ningeweza kusema huyu ni susu yangu. Nililiandaa jibu hilo kichwani, nikalipanga upya, nikaona litafanya nionekane ninapendelea jamaa zangu kazini, nikaona pia kwamba bado nipo kwenye miezi ya majaribio, na wakati ninayawaza hayo mkono ulikuwa umeshakata. Kwa kuwa wimbo ulikuwa mrefu, nilimwaga Uswisi yote: milima, ziwa, treni, ng'ombe, kile kigari, hata mzungu wa mkoba. Nilihakikisha uso wa susu unayeyuka taratibu ndani ya theluji. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Siku ile ile bosi akafuta kadi za kamera na nakala zake kwenye kompyuta, kama kawaida, maana Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine.

Video haikutazamwa upesi kwa sababu shemeji alikuwa kazini mbali. Mwezi wa kumi susu akaugua siku nne, akatuacha.

Tulipomaliza mazishi na wageni kupungua, mama aliniita jikoni. Alikuwa akipanga sufuria za kurudisha kwa majirani.

"Shemeji yako amepata ruhusa. Jumamosi tutaangalia ile video," akasema. "Mimi hiyo nyingine mbuzi na pilau sina haja nayo. Nataka kumsikia mwaitu akibariki. Siku ile nilikuwa huku jikoni, sikusikia hata neno moja."

Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba, na mama hakuwa na desturi ya kumwita hivyo mbele yetu. Nikaitikia sawa. Ilikuwa Jumatano.

Nilirudi mjini nikitunga uongo. Nikafikiria kusema diski imeharibika, lakini wangeuliza mbona dansi haikuharibika. Nikafikiria kusema kinasa sauti kiliisha betri, lakini mama angesema basi nimwone tu akisema. Nikafikiria kuugua mwenyewe. Kila uongo niliutembeza mpaka mwisho wake na kila mmoja uliishia jikoni, mbele ya sufuria.

Alhamisi nikamwambia bosi.

"Kadi tulifuta," akasema. "Pole sana. Lakini hapo Uswisi imekaa vizuri, sijui kama uliona."

Nikafungua kazi ile kwenye kompyuta, na kila mahali palipokuwa na picha ya kamera kubwa pakatokea kisanduku chekundu kuniambia faili haipatikani. Ndipo nikakumbuka kinasa sauti. Hakuna aliyekifuta kwa sababu hakuna aliyekitumia. Studio nzima ilifunika kila sauti kwa wimbo, kile kidude tulikibeba kwa ajili ya kuonekana wataalamu. Kilikuwa kwenye droo chini ya nyaya, betri zimekufa. Nikanunua nyingine pale chini barabarani, nikakiwasha, nikasikia kitambaa kikisugua, mbuzi akilia, kisha kikohozi cha susu.

Sauti yote ilikuwepo, mwanzo hadi mwisho. Picha nilikuwa nazo sekunde chache za kwanza na chache za mwisho, zilizobaki kwenye video iliyokamilika. Katikati ningeweka nini? Giza, watu wangedhani televisheni imezima, mtu angenyanyuka kuipiga makofi. Ile picha yake ya kwenye programu ya mazishi ingeleta matanga ndani ya ntheo ya dada. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili, na Ijumaa jioni nikafanya kile ambacho nisingesamehe mtu mwingine akikifanya. Niliondoa wimbo, nikaiweka sauti ya susu, nikaiacha Uswisi, nikiirudia mpaka dakika zitoshe.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana sebule ilijaa. Dada na mumewe walipewa kochi kubwa, mama akaketi karibu kabisa na televisheni, mjomba wangu, kaka yake mama, akachukua kiti cha mlangoni ili awe wa kwanza kwenye chai. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimefuliwa, kile cha juu ya televisheni kikakunjwa nyuma ili kisizibe kioo. Video ikaanza: mbuzi wakaja, wageni wakaja, kila aliyejiona alishangiliwa. Kisha susu akatokea barazani, akasema, "Wekeni hivyo vitu chini," sebule ikanyamaza. Uso wake ukayeyuka taratibu, kama nilivyohakikisha, na theluji ikaingia.

Sauti ikaendelea. Susu aliomba mvua iwafikie kwa wakati wake, na kwenye kioo hapakuwa na udongo hata wa kupanda maharagwe. Akamtaja marehemu mumewe, kigari kikapita hewani. Akakohoa sana, treni ikapinda. Kisha akapaza sauti, "Toeni huyo mbuzi!" na ng'ombe mmoja mnono akainua kichwa na kumtazama kila mtu sebuleni.

Wakaangua kicheko. "Mama amefika mbali," mjomba akasema. "Anafukuza ng'ombe wa wazungu!"

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, anainamisha kichwa huku na huku kama mtu anayechungulia dirisha lililozibwa.

"Yuko wapi?" akaniuliza. "Mbona umemficha mwaitu nyuma ya milima?"

Uongo wote niliouandaa ulikuwepo, umepangika. "Nilimkata," nikasema. "Niliambiwa nikate, nikakata. Hakuna picha tena, mama. Sauti tu ndiyo imebaki."

Dada akaniita kwa jina langu, polepole, na akaishia hapo. Susu aliendelea kusema, sisi hatukuwa tukimsikiliza tena, na hilo ndilo lililomfanya mama anyanyuke. Nilidhani anatoka nje. Alishika kile kitambaa juu ya televisheni, akakivuta mbele, akakitelemsha mpaka kikafunika kioo chote. Akachukua na kile cha meza ya chai, akafunika pembe zilizobaki.

"Rudisha mwanzo," akaniambia.

Nikarudisha. Tukakaa dakika kumi na moja, watu zaidi ya ishirini, tukitazama vitambaa viwili vya kufuma. Theluji ilipenya kwenye vitundu, vinukta vyeupe vikicheza, hakuna aliyevijali. Mama aliitikia kila susu alipotua pumzi, kama ambavyo angeitikia siku ile kama asingekuwa jikoni. Alipotajwa mtu wa zamani mjomba alisema, "Eh, huyo alikuwa wa hapo ng'ambo," na mama akamwambia anyamaze. Dada alimwegemea mumewe. Susu alimaliza kwa kuwatemea mate ya baraka, tukasikia sauti yake hiyo pia, ndogo na kavu.

Mama akafunua. Nilikuwa nimekosea hesabu mwishoni, kipande kimoja kilizidi. Kwenye kioo alikuwa yule mzungu wa mkoba, anatembea kutoka kushoto hadi kulia.

"Na huyu alialikwa na nani?" mjomba akauliza.

"Mpeni chai aende," mama akasema.

Walicheka mpaka dada akafuta macho. Mama alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mapajani, akanigeukia. Hakuwa amenisamehe, niliona hivyo, na sikuthubutu kumwomba.

"Hiyo sauti uniwekee kwa simu leo," akasema. "Peke yake. Bila hao."

Nikaiweka pale pale, akiwa ameshika simu na mimi nikigusa. Jumatatu nilipanda ngazi za studio, nikafungua kompyuta kabla bosi hajafika. Folda ile ilichukua muda mrefu kufutika, ni nzito kuliko inavyoonekana. Bosi alipouliza nani kaifuta, nilimwambia ni mimi.